Mtoto wa Kuombwa

Nina majina mawili. Wambua linaeleza hali ya hewa tu: nilizaliwa mvua ikinyesha, na huku Machakos mvua si jambo dogo. Samweli ndilo lenye deni. Mama alikaa miaka mingi bila mtoto, akaomba, akaahidi kwamba akipata kijana atamtoa amtumikie Mungu. Nikaja mimi. Swali langu ni hili: mtu anaweza kuweka nadhiri kwa kutumia maisha ya mwingine?

Najua siko peke yangu. Ita “Samweli!” pale stendi ya mabasi uone vichwa vingapi vitageuka.

Majina yetu mengi ya Kikamba hutazama nyuma. Kyalo alizaliwa safarini, Mutuku usiku, Kioko asubuhi. Jambo limeshatokea, jina linalikumbuka, basi. Halikudai kitu. Lakini jina la ubatizo mara nyingi hutazama mbele. Linakungoja.

Hadithi yenyewe mnaijua. Hana hakuwa na mtoto, akaenda Shilo akaomba kwa uchungu mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Aliahidi mtoto ambaye hata mimba yake haikuwepo. Samweli alipoachishwa kunyonya, akapelekwa kwa Eli akaachwa huko. Kila mwaka mama alimpelekea kanzu ndogo. Kanisani tunahubiriwa imani ya Hana, na ni haki yake. Ila sijawahi kusikia mahubiri kuhusu mtoto aliyebaki akimwangalia mama yake akienda.

Sasa angalia jina. Wengi tumefundishwa kwamba Samweli ni “Mungu amesikia”. Kiebrania hakikubali haraka hivyo. Shemuel inaonekana kuwa shem, yaani jina, na El, Mungu: jina la Mungu, ama jina lake ni Mungu. Mwenye “Mungu asikia” hasa ni Ishmaeli. Hilo lina ile sauti ya kooni, ayini, ambayo Samweli hana. Hana mwenyewe alipolieleza jina alitumia kitenzi kingine kabisa, sha’al, kuomba, na humo ndimo linamotoka jina Sauli: aliyeombwa. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, jina la mtoto na maana aliyoitaka mama havikukaa sawasawa.

Halafu kuna ule usiku. Mtoto anaitwa kwa jina mara tatu, na mara zote tatu anamkimbilia Eli. Mara ya nne ndipo anajibu mwenyewe. Kama nadhiri ya mama ingetosha, kwani angeitwa wa nini? Hana alimfikisha mlangoni. Kuitikia kulikuwa kwake.

Hapa Ukambani tuna Samuel wetu pia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipunguza mifugo kwa nguvu, ng’ombe wakachukuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha Liebig kule Athi River kikihitaji nyama. Samuel Muindi Mbingu akawa kiongozi wa maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, waliotembea hadi Nairobi na kupiga kambi wakitaka gavana awasikilize. Yeye alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na uuzaji ule wa lazima. Leo ukipita karibu na City Market, kibao cha barabara kinasema Muindi Mbingu tu. Samuel limeachwa nje, na hakuna kilichopungua. Alichoitikia ndicho kilichobaki.

Mtu atasema: bila maombi ya mama yako usingekuwepo, kwa hivyo una deni. Nakubali, lipo. Lakini deni la shukrani na nadhiri ni vitu viwili. Shukrani ni yangu, naweza kuilipa kwa kazi yangu na kwa kumtunza. Nadhiri ni ya aliyeiweka. Haiwezi kurithiwa kama shamba.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nikisomea theolojia, shangazi alinipigia simu: “Samweli, mama yako hakukuomba kwa Mungu ili ukaandike andike kwa intaneti.” Hilo nililicheka. Lisilochekesha ni kwamba mama anaogopa. Anaamini amemdanganya Mungu, na kwamba siku moja mmoja wetu atalipa.

Nimemwambia: “Mama, Hana aliahidi kumpeleka mtoto, akampeleka. Na wewe ulinipeleka. Kila Jumapili, mvua ama jua, hadi ukauza ng’ombe nikasomee uchungaji. Sehemu yako ulimaliza.”

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na yako je?”

Hilo ndilo swali la haki. Na ni mara ya kwanza mtu kuniuliza.