Je, Ni Haki Mlezi wa Yatima Alipwe?

Katika Kolwezi na vijiji vya Lualaba, mara nyingi mtoto aliyefiwa na wazazi huchukuliwa na shangazi, mjomba au bibi yake. Desturi hii ni njema, nayo yastahili heshima. Lakini kinywa kimoja zaidi chataka bukari zaidi kila siku, tena nguo, madaftari na dawa ya malaria. Nani achukue gharama hizo? Na mlezi akipewa fedha, je, upendo wake haugeuki biashara?

Wengine hujibu kwamba mapendo ya kweli hayalipwi. Neno hilo lapendeza masikioni, lakini halitoshi. Katika Kitabu cha Kutoka, binti Farao aliahidi kumlipa mwanamke mmoja mshahara ili amnyonyeshe Musa. Na mwanamke huyo alikuwa mama mzazi wa Musa! Je, mshahara ule ulipunguza upendo wake? Hata kidogo. Malipo hayanunui upendo. Hununua chakula, ili upendo usishindwe na njaa.

Hapo lazuka swali la pili: malipo yawe kiasi gani? Msamaria mwema alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kwamba akirudi atalipa gharama yoyote iliyozidi. Kipimo chake kilikuwa haja ya majeruhi. Atoaye kidogo na kudhani amemaliza wajibu wake amemwachia mwenzake mzigo wote.

Watu wa Lualaba walikijua kipimo hicho. Zamani kampuni ya Union Minière ilipogawa posho, ilihesabu pia mke na watoto wa mfanyakazi. Mwaka 1967 migodi ikawa mali ya taifa, na kampuni iliyoipokea ikaitwa baadaye Gécamines. Nayo ilidhoofika, na katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini. Posho ikaisha, vinywa vikabaki. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 yaruhusu mtoto aliye katika shida awekwe katika familia, na mwaka 2019 serikali ilianza kuondoa ada katika shule zake za msingi. Hayo ni mambo mema. Lakini sheria haijazi sufuria, wala kuondolewa ada si kupewa daftari. Mlezi akielemewa, mtoto aliyepokelewa aweza kuwa wa kwanza kuacha shule na kwenda kuokota mawe ya shaba na kobalti.

Liko pia kosa la upande wa pili. Ampokeaye mtoto kwa tamaa ya fedha, akawashibisha wanawe na kumwachia yatima makombo, huyo ameiba. Kilichotolewa kwa ajili ya mtoto ni mali ya mtoto.

Basi kila mmoja ashike sehemu yake: serikali, ukoo na majirani. Anayemsifu shangazi mjane kwa moyo wake mkuu, asimpelekee hata kikapu cha unga, hakumsaidia.

Swali: Je, mlezi akipokea msaada ametenda dhambi?
Jibu: La. Ametendewa haki, maadamu msaada umemfikia mtoto.

Swali: Nani basi amekosa?
Jibu: Ni yule awezaye kusaidia, naye ajua kwamba sufuria ya jirani ni tupu, akapita.