Maji Hayataji Jina

Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Neno hili lamlaumu mtu ajuaye kwamba ni mgonjwa, akanyamaza. Lakini tuseme nini juu ya mtu aliye na ugonjwa asioujua mwenyewe? Je, anao wajibu wo wote kwa jirani zake? Nimelifikiri jambo hili mara nyingi hapa Katesh, nikitazama vijito vishukavyo kutoka mlimani.

Swali hili si la mchezo. Twajua kwamba kirusi cha polio kikiingia mwilini, wengi hawaoni dalili yo yote. Katika watoto 200 walioambukizwa, takriban mmoja tu hupooza. Wale wengine hula na kucheza kama desturi yao, huku kirusi kikitoka katika choo chao kwa majuma kadhaa. Midomo imenyamaza, lakini maji yananena. Kwa sababu hii wataalamu huchota maji machafu katika mifereji ya miji, au katika vijito vipokeavyo uchafu wa mtaa, kama lita 1 tu, huyatia katika sanduku la barafu na kuyapeleka maabara. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi: mwezi wa Oktoba 2013 kirusi cha polio kilionekana katika maji machafu ya Eastleigh, wala mjini humo hapakuwa na mtoto aliyejulikana kupooza kwa ugonjwa huo.

Wako watakaosema, "Mmeuaibisha mtaa wetu." Sivyo. Maji hayataji jina la mtu, wala kabila lake, wala dini yake. Hayatuambii mkosaji ni nani. Yatuambia kwamba hatari iko kwetu sote. Nami naona hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Asiyejua hana hatia. Lakini akiisha kuambiwa, wajibu umemfikia: kumpeleka mtoto apate chanjo, kuchimba choo mbali na kijito, kunawa mikono. Hatia huhesabiwa mtu mmoja mmoja. Wajibu waweza kuwa wa kijiji kizima.

Tena yuko mwenye wajibu mkubwa zaidi, naye ni yule achotaye na kupima. Mlinzi wa Ezekieli hakuwekwa atazame tu, bali apige tarumbeta. Habari za maji zikikaa katika daftari la ofisi, zisiwafikie wayatumiao, kazi ile ni bure.

Sisi wa Katesh tumekwisha kufundishwa na mlima wetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilitelemka kutoka Hanang, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tangu siku ile hapana asiyejua kwamba mambo ya juu huwafikia walio chini. Tope lile lilikuja kwa kishindo. Ugonjwa hushuka na kijito kimyakimya. Basi wewe ukaaye juu, ujiulize kila asubuhi: Je, ndugu yangu wa chini anakunywa nini kilichotoka kwangu?