Mtoto Akilalamika Kichwa



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za mtoto wa mwanamke Mshunami. Alimfuata baba yake shambani wakati wa mavuno, na huko akalia kwamba kichwa kinamwuma. Baba akamwagiza mtumishi ampeleke kwa mama yake. Yeye mwenyewe hatumwoni akiacha mavuno. Ilipofika adhuhuri, mtoto akafa magotini pa mama. Maandiko hayasemi ulikuwa ugonjwa gani, wala hayamlaumu baba yule. Lakini sisi yatuonya.

Kila jioni vijana wetu wa Kinondoni na Temeke hucheza mpira, na wengine hujifunza ngumi. Ni jambo jema, kwani mchezo hujenga mwili na nidhamu. Ila mwishoni mwa Desemba 2024, hapa hapa Dar es Salaam, bondia Hassan Mgaya, kijana wa miaka 24, aliangushwa ulingoni, naye akafariki dunia. Tuwaombee wafiwa, kisha tujiulize: mtoto wetu akigongwa kichwa, sisi husemaje? Mara nyingi husema, "Jikaze, wewe ni mwanamume!" Naye, kwa kuogopa kupoteza namba yake, hujibu, "Niko sawa." Mdharau mwiba mguu huota tende.

Madaktari hutufundisha kwamba ubongo waweza kutikisika hata kama mtu hakuzimia. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika, kusahau, na kusinzia kusiko kwa kawaida. Aliyegongwa hivyo atoke mchezoni papo hapo, asirudi mpaka daktari amruhusu, kwa maana pigo la pili kabla hajapona laweza kumwua. Akitapika mara kwa mara au akizidi kusinzia, apelekwe hospitali bila kukawia. Hata wakuu wa mpira wamelitambua neno hili: tangu 2024 sheria za mchezo zaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadili mchezaji aliyeumia kichwa.

Yule mama Mshunami hakungoja. Alitandika punda, akaenda mbio kwa Elisha mlimani Karmeli, wala hakukubali kurudi bila yeye. Na Mungu akamrudishia mwanawe. Imani yake haikumkalisha kitako. Nasi tuombe huku tukienda. Wazazi na walimu wa michezo, kikombe chaweza kushindaniwa tena mwakani. Mtoto ni amana ya Mungu, naye atatudai.

Bwana atupe masikio ya kumsikia mtoto anapolalamika. Amina.