Makinda na Mama Yao

Neno kwa wakatekumeni juu ya miti ya milimani



Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, imo amri ndogo ambayo wasomaji wengi huipita upesi. Mtu akikuta njiani kiota cha ndege, naye mama ameatamia mayai au makinda, ameruhusiwa kuwatwaa makinda. Lakini amekatazwa kumtwaa na mama pamoja nao. Sharti amwache aende zake. Tena amri hiyo imetiwa ahadi ya heri na ya maisha marefu, kama ile ya kuwaheshimu baba na mama. Kwa nini jambo la ndege lipewe ahadi kubwa hivyo? Kwa sababu amwachaye mama, mwaka ujao atakuta kiota kingine. Atwaaye wote amekula leo na kesho pamoja.

Amri hiyo yahusu pia milima inayolitazama ziwa Kivu. Katika misitu ya juu huota mti mrefu, wenye gome jeusi lililopasukapasuka, na matunda madogo machungu ambayo ndege na kima huyapenda. Wataalamu wameuita kwa Kilatini Prunus africana. Wazee waliujua tangu zamani kuwa ni dawa. Tokea miaka ya 1960 waganga wa Ulaya nao hutumia dawa ya gome lake kwa wanaume wazee wanaopata shida ya kukojoa. Hapo gome likawa mali, likajazwa maguniani na kupelekwa ng'ambo. Na Kivu ya Kaskazini ni moja ya sehemu zilizolitoa kwa wingi. Kwa kuwa mti ulikuwa ukipungua katika nchi nyingi, mwaka 1995 uliwekwa chini ya mapatano ya mataifa yaitwayo CITES, ili gome lisiuzwe ng'ambo bila kibali.

Chakula cha mti hutoka majanini na kushukia mizizini kwa njia ya gome. Mtu akibandua sehemu tu na kuacha nyingine nzima, mti waweza kupona na kuvaa gome jipya. Lakini akiuchuna pande zote, au akiuangusha apate na gome la matawini, amemtwaa mama pamoja na makinda.

Sasa yafikirini haya. Mtu mwenye dhamiri njema apanda mlimani, abandua kidogo, arudi nyumbani na moyo mweupe. Kesho yake jirani apita palepale, aliona gome lililobaki, asema moyoni, “Nisipolitwaa mimi, mwingine atalitwaa.” Alibandua lote. Mti wakauka. Mwuaji ni yule wa pili, hakika. Lakini wema wa yule wa kwanza haukuuokoa mti, kwa sababu alikuwa mwema peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Miti ya milimani haitapona kwa wema wa mtu mmoja mmoja; itapona kwa watu waliopatana.

Je, hili ni jambo la dini? Naam. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2415, inaliweka chini ya amri ya saba, ile inayokataza wizi. Inafundisha kwamba mimea na wanyama wamekusudiwa kwa faida ya watu wote, hata wale watakaokuja baadaye. Basi mwenye kuumaliza mti wa asili amemwibia mtoto ambaye hajazaliwa, asiyeweza hata kupiga kelele ya mwizi.

Wengine hufikiri kwamba, kwa kuwa chini ya miti mikubwa watu walifanya matambiko, Mkristo hana budi kuikata ili aonyeshe kuwa ameyaacha ya zamani. Sivyo. Mkristo hauabudu mti. Lakini kutouabudu si ruhusa ya kuuangamiza. Wangari Maathai wa Kenya, aliyesomeshwa na masista, akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alisimulia habari za mkuyu wa kijijini kwao Ihithe. Mamaye alimkataza kuokota kuni chini yake, akisema ni mti wa Mungu. Karibu nao palibubujika kijito. Alipokuwa mtu mzima alirudi, akaukuta umekatwa na mwenye shamba mpya ili apande chai. Kijito nacho kilikuwa kimekauka. Wazee hawakuwa na vitabu vya elimu ya maji, lakini walikuwa na adabu.

Wakaao kando ya ziwa, kutoka Sake kupitia Kirotshe na Shasha hata Minova, wanajua uzito wa neno hili. Tarehe 4 Mei 2023, huko Kalehe, mvua kubwa iliporomosha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Asiwepo wa kusema kwamba walilaaniwa. Bwana wetu alikataa kusema hivyo juu ya wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Lakini mvua ikinyesha juu ya mlima uliovuliwa miti, hakuna majani ya kupunguza nguvu za matone, wala mizizi ya kuushika udongo. Kwa hiyo kuutunza msitu wa juu ni tendo la huruma kwa wakaao chini.

Tena asihukumiwe mama aliyekimbia vita mikono mitupu, akatafuta kuni za kuwapikia wanawe. Tangu mwaka 1994 wakimbizi wengi mno wamepita katika nchi hii, na msitu umelipa kwa kuni na makala. Mwenye njaa haambiwi, “Acha mti huo,” pasipo kuonyeshwa kuni nyingine. Ndiyo sababu, tokea mwaka 2007, wakulima wa Kivu ya Kaskazini walianza kupanda miti ikuayo upesi, kama mikaratusi, kwa ajili ya makala, katika kazi ya shirika la WWF iitwayo EcoMakala. Mkaratusi ni mgeni kutoka Australia, nao hauwezi kuwa badala ya msitu wa asili. Lakini ukiungua jikoni, mti wa asili umepumzika.

Hapo kazi imefika nusu. Nusu ya pili ni kuirudisha ile ya asili. Ukuta wa Yerusalemu ulipojengwa upya, Nehemia hakumwachia mtu mmoja. Sura ya 3 ya kitabu chake yataja makuhani, wafua dhahabu, hata mabinti wa mtu mmoja. Na wengi walijenga mahali palipoelekea nyumba zao. Vivyo hivyo na ifanyike hapa. Wakatekumeni na Wakristo, pamoja na jirani wa dini nyingine, na wakutane mbele ya mkubwa wa kijiji, wapatane gome litwaliwe kwa kipimo gani, na mti upi usiguswe kabisa. Watoto na waokote matunda yaliyoiva, waoshe nyama yake, wapande mbegu upesi, kwani zikikaa sana hufa. Kitalu na kiwe karibu na maji, kitunzwe kwa salongo. Kisha kila jamaa ichukue miche miwili, iipande juu ya shamba lake.

Miche ikifa, msivunjike moyo. Tarehe 5 Juni 1977 Maathai na wenzake walipanda miti 7 mjini Nairobi, 5 ikafa. Hawakuacha, baadaye akina mama wa vijijini walipanda mamilioni.

Usiku wa Pasaka padri atayabariki maji, na waliojiweka tayari watabatizwa. Maji hayo hayakutoka mbali. Yalitekwa kijitoni, na kijito kimelindwa na mizizi ya mlimani. Anayeomba maji ya ubatizo asiwe yeye wa kukausha chemchemi yake. Mungu aliyemweka Adamu bustanini ailime na kuitunza, awape moyo mmoja wa kuitunza hii mliyopewa. Amina.