Mbona Hawahami?

Ukiitazama ramani ya Urusi unaweza kudhani watu wake wametapakaa kila pembe. Sivyo. Takriban robo tatu yao wanaishi magharibi ya milima ya Ural, kwenye eneo lisilozidi sana robo ya nchi. Hilo si fumbo: watu hufuata mvua, shamba na soko.

Fumbo lipo Vorkuta na Norilsk, kule kaskazini ya mbali. Norilsk haina barabara wala reli ya kuiunganisha na sehemu nyingine za nchi. Mtu huingia kwa ndege, au kwa meli kupitia bandari ya Dudinka. Katikati ya majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Nani angechagua kuishi huko?

Wa kwanza hawakuchagua. Kuanzia miaka ya 1930, serikali ya Stalin iliwapeleka wafungwa: Vorkuta wakachimba makaa ya mawe, Norilsk wakachimba nikeli na shaba. Wengi walikufa. Walionusurika, hata baada ya kufunguliwa, mara nyingi walikatazwa kuishi Moscow na miji mingine mikubwa. Wakabaki. Baadaye wakaja vijana kwa hiari, wakivutwa na nyongeza ya mshahara wa kaskazini na ahadi ya kustaafu mapema. Wengi walipanga kuweka akiba kisha waondoke. Dola ya Kisovieti ilipoanguka, mfumuko wa bei ukaimeza akiba ile.

Je, tuseme wanaobaki wameridhia? Mwaka 1748 David Hume alilijibu swali la namna hii. Kusema maskini ameikubali serikali kwa kuwa hajahama, alidai, ni sawa na kusema mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini amemkubali nahodha, ilhali njia pekee ya kutoka ni kujitosa baharini.

Hume yuko sahihi, lakini hajamaliza. Mjukuu wa mfungwa aliyezaliwa Vorkuta, akasoma, akaoa na kuzika wazazi wake pale, si abiria aliyelala tu. Pale ni kwao. Kumwita mhanga na kuishia hapo ni kumnyima kitu cha pili baada ya babu yake kunyimwa cha kwanza. Mtu anaweza kupapenda mahali asipopachagua. Karibu sote tumefanya hivyo. Ila upendo wake haufuti deni la waliompeleka babu.

Mwaka 1989 Vorkuta ilikuwa na watu zaidi ya laki moja. Sensa ya 2021 ilikuta chini ya elfu 60. Nyumba zimeshuka bei kiasi kwamba kuuza yako hakukupi chumba mjini kwingine. Tangu 2002 ipo sheria ya ruzuku ya makazi kwa wanaotaka kuondoka kaskazini, lakini foleni yake ni ndefu mno.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. "Mbona hawahami?" ni swali la aliye mbali na mzigo. La haki zaidi ni hili: anayetaka kuondoka, nani anamdai nauli, na nani anadaiwa naye? Na anayetaka kubaki, je, tumemwachia mji unaokalika?