Nani Alimkanyaga Nani?

Usiku wa Jumamosi, tarehe 20 Mei 2023, robo fainali ya ligi ya El Salvador kati ya Alianza na FAS ilisimamishwa kabla ya dakika ya ishirini. Uwanja ni Cuscatlán, jijini San Salvador, uliofunguliwa mwaka 1976 na unaohesabiwa kuwa miongoni mwa viwanja vikubwa kabisa vya Amerika ya Kati. Wachezaji walikuwa bado wanapiga pasi wakati kwenye jukwaa moja watu walianza kupunga mikono na kupiga mayowe, wengine wakivunja vizuizi na kuwavuta wenzao kutoka kwenye njia ya kuingilia. Ilipofika asubuhi nchi nzima ilikuwa imejua. Watu 12 walikuwa wamekufa.

Magazeti ya Kihispania yaliandika estampida, neno la ng'ombe waliogutuka wakaanza kukimbia ovyo. Sisi tungeandika mkanyagano. Neno hili tumelizoea, hadi hatulisikii tena. Lakini hebu rudi kidato cha pili, kwenye ile mada ya mnyambuliko wa vitenzi ambayo wengi wetu tulisoma huku tukisinzia. Kanyaga, kanyagwa, kanyagia, kanyagana. Ile -ana ya mwisho ni kauli ya kutendana: mimi nakufanyia, wewe unanifanyia. Pigana, pendana, kanyagana. Ukisema watu walikanyagana, sarufi yenyewe imeshatoa hukumu kabla polisi hawajafika. Waliofanya ndio waliofanyiwa. Hakuna mtu wa tatu kwenye sentensi: hakuna geti, hakuna aliyelifunga, hakuna aliyeuza tiketi.

Na kwa kweli watu wengi wanaokufa katika matukio kama haya hawakanyagwi. Wanakosa pumzi. Umati ukifika watu sita au saba kwa kila mita moja ya mraba, mtu haamui tena aende wapi. Mwili wako unabebwa na miili mingine kama kifuniko cha chupa kinavyobebwa na maji ya mtaro. Kifua kinabanwa, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka, na unaweza kufa ukiwa umesimama wima. Aliye nyuma haoni chochote. Anachojua ni kwamba mechi imeanza, ana tiketi mkononi, na foleni haisongi. Anasukuma kidogo, tena kwa adabu, jinsi unavyosukuma ukiingia matatu saa kumi na mbili jioni. Misukumo midogo mia tatu ya adabu, ikifika mbele kwenye geti lililofungwa, inakuwa uzito ambao mbavu haziwezi kuustahimili.

Swali langu basi ni hili: nani alaumiwe? Najua linasikika kama swali la mahakama, lakini kwanza ni swali kuhusu neno sisi, na klabu ya mpira ndiyo mahali pazuri zaidi pa kulichunguza, maana sijui mahali pengine ambapo watu wazima hutamka sisi kwa urahisi namna hiyo.

Alianza ilianza kama timu ya kiwanda cha bia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa inaitwa Atlético Constancia, ikibeba jina la kampuni ya bia ya La Constancia. Sisi ambao Tusker ilizaliwa ikiitwa Kenya Breweries hatuwezi kushangaa. Bia na kandanda zimelala kitanda kimoja siku nyingi. Jina Alianza, yaani muungano, lilikuja baadaye, na katika miaka ya 1960 kocha kutoka Chile, Hernán Carrasco Vivanco, akaunda kikosi kilichocheza kwa mpangilio hadi mashabiki wakakiita okestra. Mwaka 1966 okestra hiyo iliifunga Santos ya Pelé katika mechi ya kirafiki. Mwaka uliofuata ikaishinda Jong Colombia ya Curaçao na kutwaa kombe la mabingwa wa CONCACAF, klabu ya kwanza kutoka Amerika ya Kati kufanya hivyo. Kwa nchi ndogo iliyokuwa imezoea kutajwa kwa sababu ya kahawa na majenerali, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa chukua shabiki wa Alianza aliyezaliwa mwaka 2001. Mzazi wake labda alikuwa mtoto wa nepi mwaka 1967. Lakini muulize, atakuambia: tulichukua lile kombe. Tu-li-chukua. Hamcheki, kwa sababu sisi pia tunafanya hivyo hivyo. Kuna vijana wa Gor Mahia wa miaka ishirini na kitu ambao wanakumbuka Kombe la Washindi la 1987 vizuri kuliko mtihani walioufanya juzi. Urithi wa namna hii hauna hati wala mwanasheria. Unavaa jezi, unarithi.

Ila mrithi halali hachagui. Ukikubali shamba la babu, unakubali na deni lililowekewa lile shamba. Kama tu-lichukua kombe la 1967, basi mwaka 2023 tu-lifanya nini? Mbona siku ya kombe nafsi ni sisi, na siku ya maiti nafsi inageuka kuwa wao: wao wasimamizi, wao wahuni wa nyuma, wao waliokuja bila tiketi?

Kuna jibu la haraka, nalo ni kwamba sisi ya mashabiki ni mchezo wa maneno tu, haibebi kitu. Shabiki hakupiga goli lolote 1967 na hakufunga geti lolote 2023. Jibu hili ni safi mno, ndiyo maana siliamini. Watu wanaitolea hiyo sisi pesa ya chakula, wanasafiri nayo usiku kucha, wanazikwa na bendera yake. Kitu kinachozikwa na watu si mchezo wa maneno.

Jibu la pili lilitolewa na shirikisho la soka la El Salvador. Liliitoza Alianza faini ya dola 30,000 na kuamuru icheze nyumbani bila mashabiki kwa mwaka mmoja. Ifikirie adhabu hiyo polepole. Kosa lilikuwa kwamba klabu ilishindwa kuwalinda mashabiki wake. Adhabu ikawa kwamba mashabiki hao hao wafungiwe nje. Aliyetolewa pale getini nusu maiti, akapona, akarudi kwao na mbavu zilizovunjika, naye akapigwa marufuku pamoja na wote. Ni kama mwenye nyumba akuangushie paa, kisha serikali imwadhibu kwa kukufukuza wewe.

Naelewa hoja ya upande wa pili. Klabu haina mwili wa kutia pingu, na uwanja mtupu unaigusa mfukoni. Halafu, si mashabiki ndio wanaosema klabu ni wao? Basi nao waonje. Hoja hii ina makali, lakini inajikwaa mahali pamoja. Shabiki wa Alianza hana kura. Hakuchagua mwenyekiti, hakuulizwa mageti mangapi yafunguliwe, hakuonyeshwa idadi ya tiketi zilizochapishwa. Sisi yake ilipokelewa kwa furaha mahali pamoja tu, dirishani pa kuuzia tiketi. Ukimpa mtu upendo wote na mamlaka sifuri, huwezi kumdai hisa ya hatia.

Karl Jaspers, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika kitabu mwaka 1946, nchi yake ikiwa kifusi na jina lake likinuka duniani, akijaribu kutenganisha aina za hatia. Alisema kuna hatia ya jinai, inayomhusu aliyetenda na inayokwenda mahakamani. Kuna hatia ya kisiasa, inayowafuata raia wote wa dola kwa sababu ya kilichotendwa kwa jina lao. Kuna ya kimaadili, ya mtu na dhamiri yake. Na kuna nyingine ya ndani zaidi, ya yule aliyebaki hai wakati mwenzake amekufa kando yake. Sitaki kulinganisha geti la mpira na vita ile; nachukua kisu tu, nyama ni nyingine. Ukikata kwa kisu hicho, unaona kwamba Alianza kulikuwa na watu wa kupelekwa mahakamani, na kweli siku chache baadaye wakuu kadhaa wa klabu na wa uwanja walikamatwa. Unaona pia kwamba kijana aliyesukuma kutoka nyuma, akaketi kitini, kisha akajua kilichotokea mbele yake, ana kitu kifuani ambacho hakuna hakimu atakayekigusa. Hana kosa, lakini hana usingizi pia. Kumwambia hukufanya kitu ni uongo mdogo. Kumwambia mlikanyagana ni uongo mkubwa.

Lakini kuna mtu ambaye sarufi ya kutendana inamficha vizuri kuliko wote. Rais Nayib Bukele aliandika mtandaoni kwamba polisi na waendesha mashtaka watachunguza kila mtu: timu, mameneja, uwanja, wauza tiketi, ligi, shirikisho. Orodha ndefu, ya haki. Dola lenyewe halikuwamo, ila kama mchunguzi. Kumbuka nchi hiyo ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Machi 2022, na kufikia usiku ule watu zaidi ya 60,000 walikuwa wamekamatwa katika vita dhidi ya magenge. Dola lililojua kuingia kila kichochoro na kumtoa mtu kitandani lilishindwa kuhesabu vichwa mbele ya geti moja. Wengine watasema hayo ni mambo mawili tofauti. Kwangu ni jambo moja: unauona umati kama watu wa kulindwa, au kama watu wa kuzuiwa? Geti hujengwa kulingana na jibu lako.

Na geti hili halikuwa geti lolote. Katika viwanja vingi vya Kilatini tiketi huuzwa kwa jua na kivuli. Kivuli ni cha wenye nazo. Waliobanwa walikuwa wakiingia upande wa jua, upande wa bei ya chini. Hata usiku, jua likiwa limeshazama saa nyingi, jina lilibaki na bei ilibaki. Sijawahi kusoma popote kwamba watu walikufa kwa kukosa pumzi kwenye mlango wa VIP.

Eneo lile lilikuwa na mwalimu pia, kama lingetaka kusoma. Tarehe 16 Oktoba 1996, nchi jirani ya Guatemala, uwanja wa Mateo Flores ulifurika kabla ya mechi ya kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Costa Rica, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kule Uingereza, Hillsborough, 1989, waliokufa ni 97, na kwa miaka mingi mashabiki wa Liverpool waliambiwa ni ulevi wao na kukosa subira kwao. Ilichukua hadi 2016 kwa baraza la mahakama kutamka kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Miaka 27. Mtoto aliyezaliwa siku ile angekuwa ameshaoa. Na sisi tuna Oktoba 2010, Nyayo, Gor na Leopards, watu 7. Tuliandika mkanyagano, tukazika, ligi ikaendelea.

Kwa hiyo mimi naona shabiki wa Alianza anaweza kuendelea kusema tulichukua kombe 1967, na asione haya. Lakini ile sisi, kama ni ya kweli, ina kazi, na kazi yenyewe si kujipiga kifua kwa hatia ambayo si yake. Ni kudai. Kumuuliza mwenye klabu tiketi ngapi zimechapishwa, mageti mangapi yatafunguliwa, na saa ngapi. Kukataa kuingia pale panapobana, hata kama okestra imeshaanza kupiga. Mashabiki wakubwa wa klabu hiyo, wanaojiita La Ultra Blanca, wana ngoma, bendera na nyimbo za kutosha kufanya mtaa mzima usikie. Sauti hiyo inaweza kuuliza swali pia.

Utasikia mtu akisema hayo ni maneno ya mezani, kwamba ukipenda timu huulizi mageti, unaingia. Labda. Mapenzi mengi yako hivyo. Ila hata kwenye ndoa kuna siku mtu anauliza mlango wa nyuma unafunguka au la.

Shirikisho lilifuta mashindano ya msimu ule. Hakukuwa na nusu fainali wala fainali, hakuna aliyenyanyua kitu. Ukiangalia orodha ya mabingwa wa El Salvador leo, majina yanafuatana moja baada ya jingine, Alianza imo mara nyingi, FAS imo, kisha unafika Clausura ya 2023 na unakuta hakuna jina.