Idi ya Mtu Aliye Mbali na Kwao

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa mashariki na magharibi, ambaye hakuna nchi iliyo mbali naye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: enyi ndugu zetu wa Mrima, na Unguja, na Mvita, mliotoka kutafuta riziki mkafika Bukoba na Muleba, kwa biashara ya kahawa na samaki, au kwa kazi ya serikali, au kwa kuendesha magari, neno letu ni juu ya Idi imkutayo mtu ugenini. Aghalabu mwezi uandamapo, mtu huyu huingiwa na unyonge. Humkumbuka mama yake, na wanawe, na kanzu iliyofukizwa udi, kisha husema: "Mimi sina Idi, Idi yangu iko kwetu." Hulala mpaka jua likapanda. Neno hili si sawa, na yatupasa kulieleza.

Jueni kuwa Idi yenyewe ilizaliwa ugenini. Mtume wetu hakuisali Idi ya kwanza Makka alikozaliwa. Aliisali Madina, mwaka wa pili wa Hijra, na pamoja naye Muhajirina walioacha nyumba zao na mali zao, na wengine jamaa zao. Makka ilikuwa imefungwa mbele yao, wala haikufunguliwa ila mwaka wa nane. Lau Idi ingekuwa ni ya mtu aliye kwao tu, wao wangekuwa wa kwanza kuikosa.

Wala ninyi si watu wa kwanza wa pwani kuandamiwa na mwezi katika nchi hii. Kabla ya Wajerumani kujenga kituo chao Bukoba mwaka 1890, wafanya biashara wetu walikuwa wamekwisha kukaa Kafuro, katika Karagwe. Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta huko Ahmed bin Ibrahim, naye alikuwa amekwisha zoea bara miaka mingi. Zama hizo habari ya nyumbani ilikuja kwa miguu ya wapagazi. Leo simu imo mfukoni mwako. Basi udhuru wako u wapi?

Kuwa mbali hakumwondolei mtu haki zilizo juu yake. Nami nitataja tatu.

Ya kwanza ni sala. Sala ya Idi ni sunna iliyotiliwa mkazo, hata kwa msafiri, hata kwa aliye peke yake. Ukipata jamaa, nenda. Usipopata, oga, vaa kilicho kizuri katika ulicho nacho, ulete takbira, usali rakaa zako mbili kabla ya jua kupinduka.

Ya pili ni fitri. Jua likichwa siku ya mwisho ya Ramadhani, mume mwenye uwezo imemlazimu fitri yake, na ya mkewe, na ya watoto wake wadogo, wajapokuwa wao wako Pangani naye yuko Muleba. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, fitri ya kila mtu hutolewa katika mji alipo mtu huyo. Basi yako itoe hapa, na ya watu wako itoke kwao. Mpelekee wakili mwaminifu fedha mapema, anunue mchele, awape maskini wa huko kabla ya sala. Asiwape fedha, kwani kwetu sisi thamani haisimami mahali pa chakula. Na hapa Bukoba chakula cha watu ni ndizi, nazo hazitoshi kwa fitri. Toa nafaka iliwayo katika mji ulio karibu, kila kichwa vibaba vinne. Kuiahirisha hata siku ya Idi ikapita, pasipo udhuru, ni haramu.

Wako watu ambao siku ya Idi hutuma salamu ndefu na picha ya kanzu mpya, ilhali mke ameazima mchele kwa jirani. Mtu huyu hakunyimwa Idi na safari. Yeye ndiye aliyewanyima Idi watu wa nyumba yake.

Ya tatu ni haki ya jirani. Wenyeji wa hapa humkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna. Basi siku ya Idi nawe wakaribishe kwa chakula chako. Wala ugeni usiwe ruhusa ya kukaa penye rubisi kwa kuwa hapana akujuaye. Akujuaye yupo.

Tena kumbukeni tarehe 10 Septemba 2016, katika siku kumi za mwanzo wa Mfungo Tatu, Idi ikiwa mlangoni: ardhi ya Kagera ilitetemeka, nyumba zikaanguka, wakafa watu wasiopungua 16. Wengi wa wenyeji waliipokea Idi ile nje ya nyumba zao, nao wako kwao. Basi nyumba si amana ya kudumu kwa yeyote, na sote tu wasafiri. Mgeni aliyempa mwenyeji chakula siku zile alikuwa na Idi kamili.

Ewe Mola, walinde tuliowaacha nyuma, utukubalie sala zetu popote tulipo, uturejeshe kwa watu wetu na deni lao halimo shingoni mwetu. Amin.